Tathmini: Mabadilishano ya Vipande vya Mifarishi katika Duka Moja la Vitambaa, Minnesota

Duka ninaloliandikia tathmini hii huuza vitambaa vya kushonea mifarishi ya viraka, nalo liko katika kitongoji kimoja karibu na Minneapolis. Sitalitaja jina, kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ya kusema ni malalamiko ambayo nimekwisha kuwaeleza wenyewe ana kwa ana. Huduma yenyewe ni mabadilishano ya vipande, yaani miraba ya viraka ambayo baadaye huunganishwa kuwa mfarishi: washiriki 12 hujiandikisha, kila mmoja hushona vipande 12 vya muundo uliokubaliwa na kuvipeleka dukani, na baada ya kupangwa upya kila mtu hurudishiwa vipande 12, kimoja kutoka kwa kila mshonaji, kikiwamo chake mwenyewe. Ada ni dola 20, na ndani yake mna yadi moja na nusu ya kitambaa cheupe cha pamba. Kwa bei hiyo huduma ni nzuri, na ninaipendekeza kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku na kushona, mradi anayejiunga aelewe mapema ni wapi ataachiwa uhuru na ni wapi atalazimika kuwafikiria wenzake.

Uamuzi bora kuliko yote uliofanywa na waandaaji ni kumpa kila mshiriki kitambaa cheupe kile kile. Muundo waliouchagua ni Nyota ya Ohio, muundo wa zamani wa Kimarekani unaojengwa kwa miraba 9 iliyopangwa mitatu kwa mitatu: mmoja wa katikati, minne mitupu ya kwenye pembe, na minne mingine ambayo kila mmoja huunganishwa kwa pembetatu nne ili kutoa ncha za nyota. Miraba yote ya kwenye pembe na nusu ya pembetatu hukatwa katika kile cheupe, kwa hiyo theluthi mbili za uso wa kila kipande hufanana kwa washiriki wote, na theluthi moja inayobaki ndiyo uwanja wa mshonaji. Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni uhuru mdogo, lakini nilipovitandika vipande vyangu sakafuni niliona kwamba umetosha kabisa. Mshonaji mmoja alikata mashati ya kiume ya mirabaraba, mwingine alitumia maua madogo yaliyopauka, wa tatu alitumia batiki ya buluu nzito, na wote watatu walikaa pamoja bila kugombana kwa kuwa weupe ulilipa jicho mahali pa kupumzika kati ya nyota na nyota.

Huduma ilikwama katika kadi za ladha. Kila mshiriki alitakiwa kujaza kadi akieleza rangi anazozipenda, rangi asizozitaka kabisa, na mfarishi wake unashonwa kwa ajili ya nani. Wazo ni zuri mno, ila kadi hizo zilitufikia baada ya wengi kuwa wamekwisha kukata vitambaa vyao, na hapakuwa na maelezo yoyote ya namna ya kuzitumia. Mmoja hakutaka nyekundu, mwingine alitaka buluu na kijivu tu, na bibi mmoja aliyekuwa akimshonea mjukuu aliomba rangi zilizochangamka. Mtu atawaridhishaje hao wote kwa vipande 12 ambavyo kanuni inasema viwe sawa? Nilipouliza, niliambiwa nitumie rangi tulivu zisizomkera yeyote, jibu ambalo sikulikubali wakati ule na silikubali hata sasa. Ikiwa wote 12 watakimbilia kijivu na malai kwa kuogopana, kila mmoja atarudishiwa vipande ambavyo angeweza kuvishona peke yake kwa kitambaa cha dukani, na hapo mabadilishano yanapoteza sababu ya kuwapo.

Njia niliyoifuata, ambayo nawashauri waandaaji waiweke katika maelezo yao, ni kugawa ile theluthi moja sehemu mbili. Ncha za nyota niliziacha zifanane katika vipande vyote, nikazikata katika kitenge cha buluu ya usiku chenye vitone vidogo vya manjano iliyoiva, maana hicho ndicho kitambaa ambacho ningekichagua hata kama nisingeshonea mtu. Mraba wa katikati niliubadilisha kulingana na kadi: asiyetaka nyekundu alipata buluu juu ya buluu, na mjukuu wa yule bibi alipata chungwa na kijani. Mraba huo hukatwa inchi nne na nusu tu, kwa hiyo mabaki ya sandukuni yanatosha, wala kazi haiongezeki. Anayepokea kipande cha namna hiyo huona kwamba ameshonewa yeye, na papo hapo humtambua aliyemshonea.

Kwa wanaotaka kutumia vitambaa vya nyumbani, yako mambo ya kuzingatia ambayo duka halikuyataja. Kanuni inadai pamba tupu, na vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi vimechanganywa na poliesta, kwa hiyo choma uzi mmoja kabla ya kukata: pamba huacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali poliesta huyeyuka na kugeuka punje ngumu. Osha kwanza ili wanga utoke, kisha kisugue kitambaa kilicholowa kwa leso nyeupe uone kama kinachuja rangi, kwani hakuna ubaya mkubwa kuliko kuichafua kazi ya watu kumi na mmoja katika ufuaji wa kwanza. Maua makubwa ya kitenge hupotea yakikatwa vipande vidogo, na ni afadhali kuchagua nakshi ndogo au kukata kwa kulenga, ili ua moja likae katikati ya mraba. Kanga nayo ni nyepesi kuliko pamba ya mifarishi na huvutika kwenye mkato wa mshazari, hivyo inafaa mraba wa katikati kuliko pembetatu. Tena sikupenda kulikata jina, yaani yale maandishi ya kanga. Nilitumia mji, yaani sehemu yake ya katikati, peke yake.

Aliyenipa jibu la rangi tulivu angefaidika kwa kuitazama mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha wanawake Weusi wa Alabama ambao kazi yao ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002 na kutolewa kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006. Wengi wao walishona muundo ule ule wa fremu ndani ya fremu, wakitumia hata nguo kuukuu za kazi, na hata hivyo mkono wa kila mmoja unaonekana waziwazi katika upana wa kanda, katika mstari uliopinda, na katika rangi moja kali iliyowekwa mahali ambapo hukuitarajia. Muundo walikuwa nao pamoja, lakini ujasiri wa rangi ulikuwa wa kila mtu.

Vipande nilivyorudishiwa vilikuwa vizuri kwa sehemu kubwa. Viwili, hata hivyo, vilikuwa vifupi kuliko inchi 12 na nusu zilizotakiwa (hiyo nusu humezwa na mishono vipande vinapounganishwa), na duka lilivipokea bila kuvipima. Upungufu huo hutokana na kushona kwa kuacha ukingo mpana kuliko robo inchi: katika muundo wenye safu tatu, kosa la sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kila upande wa mshono hufika robo inchi nzima kipande kinapokamilika. Ladha ya rangi inaweza kujadiliwa, lakini kipimo hakijadiliwi, na rula juu ya kaunta ingemaliza tatizo hilo kabla kipande hakijamfikia mwenzako. Niliviokoa kwa kuvizungushia vyote 12 ukanda mwembamba wa buluu na kuvipunguza upya hadi vikalingana, jambo ambalo pia lilizituliza nyota mbili zilizokuwa na rangi kali kupita nyingine.

Nimejiandikisha kwa awamu ijayo, kwa kuwa wenye duka wameahidi kwamba kadi zitatolewa pamoja na kitambaa cheupe na kwamba kila kipande kitapimwa kinapopokewa. Anayefikiria kujiunga ajue kwamba vipande 12 bila ukanda hutoa mfarishi wa inchi 36 kwa 48, unaomtosha mtoto mchanga. Kwa kitanda cha mtu mzima utahitaji vipande 30 au zaidi, yaani awamu mbili na nyota kadhaa utakazozishona mwenyewe, na kwa hizo ni vyema ununue akiba ya kitambaa kile kile cheupe siku unapolipa ada.