The Dagonet Ballads: Tuone Kama Chapa Hii Inafaa Kununuliwa

Ndugu watazamaji, karibuni. Hiki nilichoshika ni The Dagonet Ballads, chapa mpya ya jalada laini. Dagonet ni jina la kalamu tu. Mwenyewe ni George R. Sims, mwandishi wa habari wa London, na kitabu kilitoka mara ya kwanza 1879.

Tazameni hapa, nakisogeza karibu na kamera. Herufi ndogo, beti zimebanana, na ubeti huu umekatwa katikati ukahamia ukurasa wa nyuma. Mashairi haya ni hadithi za kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Ukigeuza karatasi pale msikilizaji aliposhika pumzi, umemwaga uhondo wote.

Na uhondo upo! Shairi la Krismasi katika nyumba ya maskini ndilo lililompa Sims jina. Nyumba hizo zilikuwa za umma, na ukiingia na mkeo, wewe unapelekwa upande huu, yeye ule. Siku hiyo wakubwa wamekuja na wake zao kutazama maskini wakila. Mzee John anasimama, anakikataa chakula. Krismasi iliyopita alikuja hapo kumwombea mkewe Nance mkate, akaambiwa hakuna cha kupeleka nyumbani, waingie ndani. Nance akasema hawajawahi kula Krismasi mbalimbali. Njaa ataiweza, kutengana hapana. Usiku njaa ikamzidi. John akakimbia tena mpaka getini, akajibiwa amechelewa. Nikifika hapo sauti hunikauka, na nimelisoma mara nyingi.

Si yote yana uzito huo. Lile la Billy na ua lake la waridi linakamua machozi kwa nguvu. Watoto wawili wanakufa, nami naona Sims alizidisha.

Ila asidhaniwe aliyaona maisha hayo kwa dirishani. Mwaka 1883 alizunguka vichochoro vya London na mchoraji Frederick Barnard, akaingia vyumba ambamo familia nzima ililala pamoja, akaandika How the Poor Live. Someni na hicho.

Chapa hii sikushaurini mnunue. Sims alifariki 1922, haki zake zimekwisha, na nakala za zamani zilizopigwa picha zinapakuliwa bure, beti zake zikiwa na nafasi ya kupumua. Anzeni na la John, na msomeeni mtu.