The Beths kabla hawajawa wakubwa: EP ya Warm Blood (2016) na albamu ya Future Me Hates Me (2018)

Wengi wanaoipenda The Beths walianzia kwenye albamu ya 2018, wakasonga mbele na zilizofuata, na ile EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) iliyotangulia wakikutana nayo wanaiona kama demo flani hivi, rekodi ya majaribio, ya kuruka. Mi nasema msiiruke. Warm Blood ina nyimbo tano tu, unaimaliza kabla hata chai haijapoa, lakini ukiisikiliza kwanza ndo unajua hawa watu wanatafuta nini, halafu albamu ikija unasikia wamekipata wapi na wapi bado wanapapasa.

Kwa asiyewajua, ni bendi ya Auckland, New Zealand, watu wanne, wameanza 2014. Anayeimba na kutunga ni Elizabeth Stokes na jina la bendi limetoka hapohapo kwenye Elizabeth. Jonathan Pearce anapiga gitaa la solo na ndo prodyuza wao, Benjamin Sinclair yuko kwenye besi, na drami za rekodi hizi za mwanzo kapiga Ivan Luketina-Johnston, huyu Tristan Deck mnayemuona kwenye video za karibuni alikuja baadaye. Walisomea jazi chuoni, University of Auckland, na Stokes mwenyewe chombo chake kilikuwa tarumbeta, akawa anakifundisha kabisa kabla ya safari za bendi kumzidia. Sasa ukisikia jazi usiogope, hakuna mtu atakayekupigia solo ya robo saa humu. Hiyo elimu imejificha, unaisikia kwenye namna beti inavyokata kona ghafla halafu inarudi kwenye kiitikio bila kukwama, yani unajiona unaimba nao kumbe hujui hata umefikaje hapo.

Na staili yao inaitwa pawa pop. Neno alilitumia Pete Townshend wa bendi ya Uingereza The Who mwaka 1967 kuelezea walichokuwa wanapiga, na tangu hapo kanuni haijabadilika sana, magitaa ya rock yenye kukwaruza, melodi tamu ya kuimbika, sauti za kuitikia zimepangwa vizuri, wimbo uwe mfupi uishe watu bado wanautaka. Ni staili yenye kisirani lakini, maana bendi inayotajwa sana kama kioo chake, Big Star ya Memphis, ilitoa albamu ya kwanza 1972, waandishi wakaisifia mpaka basi, ila usambazaji ukaenda ovyo na dukani ikawa haipatikani. Kwahiyo bendi changa ikiamua kupita njia hii mi huwa naihurumia kidogo kabla sijaisikiliza.

Tuje kwenye EP. Inafunguliwa na Whatever na hapo ndo kila kitu kipo tayari: gitaa linaingia bila salamu, Stokes anaimba kwa lafudhi yake ya New Zealand bila kuigiza Umarekani (hili nalipenda sana, wasanii wangapi wakishika maiki tu wanabadilika uraia), na nyuma yake wanaume watatu wanamuitikia. Hapo kwenye kuitikia ndo nataka mtege sikio. Hawana sauti za kwaya zilizonyooka, ni sauti za kawaida za watu wenye vyombo mikononi, ila wanajua lini waingie na lini wanyamaze, na mara nyingi wanamjibu kama marafiki waliochoka kumsikia akijilaumu. Ukiwatoa hao waitikiaji nyimbo nyingi za The Beths zinabaki malalamiko ya mtu mmoja chumbani. Ukiwarudisha inakuwa sherehe.

Idea/Intent ndo wimbo wenye hasira zaidi kwenye EP, unakimbia, na sauti ya Stokes iko chini kidogo kwenye miksi (yani uwiano wa sauti na vyombo) kiasi kwamba maneno mengine lazima ukisie. Kuna watakaoliona hilo ni kosa, mi kwa wimbo huu naliona linasaidia, linafanya ionekane anagombana na mtu kwenye chumba chenye kelele. Lying in the Sun inapunguza mwendo, na hapa kwakweli miksi ileile inaumiza, wimbo mpole unataka sauti iwe karibu na wao wameiacha ukutani. Rut ni mzuri ila ukinilazimisha nitoe mmoja kati ya tano ndo nitautoa huo. Warm Blood yenyewe iko mwisho, inastahili kubeba jina, na ukiisikia na hedifoni utaona gitaa la Pearce linavyojaza nafasi ambazo Stokes kaziacha, hajawahi kupiga juu ya maneno hata mara moja, nidhamu hiyo wapiga solo wengi hawana.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, inatoka Future Me Hates Me kupitia Carpark, lebo (kampuni ya rekodi) ya Marekani, ambao pia waliichukua ile EP wakaitoa tena kwa wasikilizaji wa nje. Nyimbo kumi, haifiki dakika arobaini. Na cha kushangaza hawakumtafuta prodyuza mwenye jina, walibaki na Pearce na studio yake ya Karangahape Road hapohapo Auckland. Uamuzi huo unasikika. Albamu ni safi kuliko EP, besi ina nyama, drami zinapumua, sauti ya Stokes sasa imesogezwa mbele pale inapotakiwa, lakini haijapakwa mafuta mpaka ikateleza. Bado unasikia watu wanne kwenye chumba kimoja.

Great No One inaanza kama imechelewa mahali. Halafu unafuata wimbo wenye jina la albamu, na huu jamani, sijui niseme nini. Mtu anapenda, anajua kabisa ataumia, anajua kabisa yeye wa kesho atamlaani yeye wa leo, na bado anaenda. Wazo ni la kusikitisha, muziki wake unachekelea. Huo mgongano ndo injini ya bendi nzima, maneno yanavuta chini melodi inavuta juu, na kwenye EP walikuwa wanaupata kwa kubahatisha ila hapa wanaupiga wakijua. Happy Unhappy nao ni hivyohivyo, mtu alikuwa keshazoea upweke wake, kaupanga vizuri, sasa mapenzi yamekuja kumvurugia ratiba na analalamika kwa kiitikio kitamu kuliko vyote kwenye albamu. Raha jipe mwenyewe, yeye anajinyima na anakuimbia jinsi anavyojinyima.

Uptown Girl, msikimbilie kudhani ni ule wa Billy Joel, hauhusiani, huu ni wao na ndo wa kasi zaidi, nusu punk, ile rock ya haraka na ya fujo, unaisha kabla hujajua umependa nini. Little Death ndo ninaoupa namba moja. Unaanza umejikunja, unasimulia mapenzi kama ugonjwa wa mwili, moyo kwenda mbio na mengineyo, halafu unakua polepole, drami zinaongezeka, sauti zinaongezeka, mpaka mwishoni wanne wote wako juu na hakuna aliyepiga kelele ovyo. Hapo Luketina-Johnston kafanya kazi ambayo hatajwi vya kutosha, ukimfuata yeye peke yake wimbo mzima utaona ndo anayeamua lini moto upande.

Lawama zangu sasa. Katikati hapo, You Wouldn't Like Me na Not Running, zikipita pamoja zinachanganyika, mwendo karibu mmoja, viitikio vimejengwa kwa ramani ileile, na kama uko jikoni au barabarani hutajua umeshavuka wimbo. Pili hii tabia ya kujisema vibaya, sipendeki, nitakosea, mtanichoka, kwa nyimbo mbili tatu inachekesha na inagusa, kwa kumi mfululizo unaanza kutamani mtu amshike bega amwambie dada inatosha. Waitikiaji wanasaidia lakini hawawezi yote. River Run: Lvl 1 inaokoa hali kwa kushusha presha, na Less Than Thou inafunga vizuri bila makelele, ingawa sio wimbo nitakaoutafuta peke yake.

Halafu kuna hili la Whatever. Wameuchukua wimbo wa kwanza wa EP wakauweka wa tisa kwenye albamu. Kuna mahali watu wanaona ni uvivu, bendi imeishiwa. Mi naona kinyume, ukiusikia pale, baada ya nyimbo nane za watu waliokomaa, haupwayi, hauonekani mdogo wao. Ni ushahidi tosha kwamba 2016 walikuwa wameshaiva kiutunzi, kilichobaki kilikuwa ufundi wa kurekodi tu.

Kitu kingine ni hii tabia ya kila bendi ya New Zealand kuhusishwa moja kwa moja na Flying Nun, ile lebo iliyoanzishwa Christchurch 1981 na Roger Shepherd, ikawatoa kina The Clean na The Chills. Ni heshima kubwa na naelewa kwanini watu wanafanya hivyo, ila kwa masikio yangu The Beths hawatokei huko, wale walikuwa na ukungu na magitaa ya kuning'inia, hawa wamekaza kila skrubu. Ukitaka ndugu zao wa damu tafuta pawa pop ya Marekani ya miaka ya 90, ile yenye magitaa mazito na watu wanaojionea aibu.

Kama unaanza leo, piga EP yote kwanza kwa mpangilio wake, usichanganye, halafu albamu kuanzia namba moja hadi tatu, ruka mpaka Little Death, sikiliza mpaka mwisho, kisha siku nyingine rudi zile mbili za katikati ukiwa huna kelele pembeni. Spika za simu hazifai hapa, besi ya Sinclair inapotea kabisa na yeye ndo anayeunganisha yale magitaa mawili. Asiye mpenzi wa rock mpe kwanza Happy Unhappy, mwenye roho ya punk mpe Uptown Girl. EP naipa nane kwa kumi, ningeipa tisa kama sauti ya Lying in the Sun ingesogea mbele, na albamu naipa nane na nusu, hiyo nusu yote ni ya Little Death.