Njiti ya kiberiti na kipande cha siku thelathini: makumbusho madogo niliyozungukia kutoka Iringa hadi Chunya

Nianze na ya mwisho, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Iko Wilaya ya Chunya, nje kidogo ya njia ya Makongolosi, na kuiita makumbusho labda nimeipandisha cheo. Ni chumba cha uani kwa mzee mmoja aliyechimba dhahabu tangu ujana wake. Hakuna kibao wala tiketi. Tulifikishwa na kijana wa bodaboda aliyetusikia mgahawani tukiulizia vitu vya machimbo ya zamani ya dhahabu ya Lupa. "Mnataka vile vyuma chakavu vya mzee? Twendeni."

Nilikuwa na mama yangu na binti yangu wa darasa la sita. Mama ndiye chanzo cha safari. Baba yake alitoka Rungwe kwa miguu miaka ya 1930 kwenda Lupa kutafuta hela ya kodi ya mkoloni, kama walivyofanya vijana wengi wa Kinyakyusa wakati ule. Nyumbani kwetu Lupa imebaki kuwa utani: mtoto ukimtuma chumvi akachelewa, anaulizwa kama alipitia Lupa.

Kwa msiojua, dhahabu ya mchangani ilionekana bonde la Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wazungu wakamiminika na makarai yao, na Waafrika wakaenda kuwachimbia. Mji wa Mbeya wenyewe, ulioanza 1927, ulinenepa kwa kuwauzia watu hao chakula na vifaa. Baadaye wakahamia kwenye miamba, na mgodi mkubwa kuliko yote, New Saza, ulifanya kazi mpaka 1956. Uliokufa ni mgodi wa mkoloni. Chunya yenyewe bado inachimba: karasha za kusaga mawe zinanguruma, vijana wametapakaa vumbi, na tangu 2019 kuna soko la madini.

Mzee alitupokea vizuri. Mama aliposema kwao ni Tukuyu, akamsalimia "Ugonile!" kwa Kinyakyusa cha kuokota kambini, mama akacheka mpaka akashika mlango. Halafu tukaingia. Vitu vyenyewe vimelazwa chini juu ya turubai: karai lililotoboka, mitaimbo, nyundo zisizo na mipini, karabai iliyoliwa na kutu, chupa mbili za zebaki zilizo tupu (zebaki ni sumu, kwa hiyo niliuliza mara mbili kama ni tupu kweli, na mtoto nilimkataza kuzigusa). Mchwa wamekwishaanza kula ukuta. Ukiishia kuangalia, utatoka baada ya dakika tano ukijiuliza mafuta ya gari umeyachomea nini.

Lakini mzee alifungua kasha la mbao akatoa mizani. Sahani zake mbili za shaba ni ndogo kama vifuniko vya soda. Akavunja njiti ya kiberiti, akaweka kipande upande mmoja, na upande wa pili akadondosha punje za mchanga kwa ncha ya kisu mpaka mizani ikatulia. Akamwambia binti yangu, "Sogea uangalie." Mtoto akainama, na ile sahani ikashuka. Hakuigusa, alipumua tu.

"Umeona, mjukuu wangu? Hapo ndipo mnunuzi alipokuwa anakuibia. Anajifanya anasoma mizani, kumbe anahema."

Nimefundisha miaka kumi na minne na sijawahi kumwona mtoto akielewa jambo haraka namna ile.

Kitu cha pili kilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara nne: kipande. Sote tumesoma shuleni habari za kipande cha wakoloni, na mimi mwenyewe nimekiandika ubaoni mara nyingi, ila sikuwahi kukishika. Kina miraba thelathini. Kila siku uliyofanya kazi mraba mmoja unatiwa alama, na mpaka yote thelathini ijae, mshahara wa mwezi huuoni, hata kama kalenda imekwenda wiki sita. Hiki cha mzee kilijaa mpaka kumi na saba, kisha basi.

"Hakwenda kazini?" binti akauliza.

"Labda homa. Labda alikwenda kuzika. Kipande hakiandiki sababu."

Mama alikipokea kwa ncha ya khanga, akakigeuza nyuma na mbele akitafuta jina, wakati miwani yake ilikuwa kwenye gari. Jina lilishafutika zamani. Hakikuwa cha babu, alijua hivyo, lakini hakukirudisha haraka.

Ya kulalamikia yapo. Mzee anasimulia vizuri kiasi kwamba hujui ukweli unaishia wapi; lile bonge la dhahabu analodai lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mbuzi mimi sikuliamini. Bati linavuja, na masika mbili tatu zikipita kile kipande kitakuwa uji. Nilimshauri akiweke ndani ya bahasha ya nailoni, akanijibu kwamba atakiweka pamoja na hati ya shamba, nikanyamaza. Pesa alikataa. Sukari na sabuni alipokea, na mkewe nikamwachia elfu kumi.

Siku nne kabla ya hapo tulikuwa Iringa. Makumbusho ya Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na usafiri haukutusumbua. Jengo ni dogo. Hata hivyo ukisimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, udogo wa jengo unausahau. Alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimshike akiwa hai, wakamkata kichwa kikapelekwa kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliagiza fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954! Gavana wa Tanganyika, Twining, alikwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, kulichagua kati ya mafuvu mengi yaliyowekwa ghalani, akalikabidhi kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Binti akauliza walijuaje kwamba ni lenyewe. Kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya ndugu zake, na kwa tundu la risasi. Wapo wanaobisha hadi leo, na nilimwambia hivyo. Ila nawashauri, kama mna mtoto mwoga, mwandaeni kabla ya kuingia.

Makumbusho ya Boma, Iringa mjini, nayapitia haraka kwa sababu tuliingia jioni tumechoka. Jengo ni la Wajerumani, la mwanzoni mwa karne iliyopita, na limekuwa makumbusho tangu 2016. Kuta zake nene zilimvutia mama kuliko vitu vilivyomo. Alikaa ukumbini akasema hapa hata kiangazi ungelala bila feni.

Kuna pengine tulipopita ambapo sitapataja. Maelezo yote ukutani yalikuwa kwa Kiingereza, kwenye nchi ambayo bibi anayekuja kuona jembe la bibi yake hasomi Kiingereza. Kijana wa kutuongoza alikuwa anatusomea karatasi, na tulipouliza swali alirudi kuitafuta mistari aliyopotea. Chenji ya elfu kumi haikupatikana, na choo kilikuwa na kufuli ambalo mwenye ufunguo wake alikuwa ameenda msibani. Mama alivumilia mpaka kituo cha mafuta.

Kwa atakayekwenda Chunya akitokea Mbeya mjini: ni lami tupu, kilomita 72, gari dogo linatosha. Vaa sweta maana juu mlimani Kawetere kuna baridi na ukungu wa asubuhi, na ujiandae kulivua, kwa sababu ukishateremka upande wa pili joto ni la kwelikweli. Mashimo ya zamani yapo mengi porini na hayana uzio, kwa hiyo mtoto usimwachie mkono. Na ukiwa na mzee wa nyumbani ambaye bado ana nguvu, nenda naye. Maswali aliyouliza mama mimi nisingeyajua: walilala wapi, nani alipika, chumvi walitoa wapi.

Tuliporudi nyumbani nilimkumbusha mama sanduku la bati ambalo babu alirudi nalo kutoka Lupa, lile la kijani lenye hapsi ya kufuli iliyopinda. Nikamwambia tungempelekea yule mzee angalau alione, au hata tumwachie. Mama aliniangalia kama nimeomba kuuza ng'ombe. Sanduku haliendi popote, ndimo anamowekea vitenge vyake.