Mita ndogo kwa nyumba yenye Yaka moja, nyota nne

Jamani kama mnakaa nyumba kubwa iliyokatwakatwa kuwa flati kama hii yetu ya Kansanga, Kampala, wekeni mita ndogo ya umeme kwa kila flati. Sisi tulikuwa flati tano kwa Yaka moja, yaani ile mita kubwa ya umeme ya kulipia kabla kwa tokeni, tunachanga sawasawa, yule wa juu anayepika na koili kutwa nzima analipa sawa na mama wa chini mwenye balbu mbili na redio, kwa kweli iliniuma sana. Sasa fundi kafunga mita tano baada ya ile kubwa, kila mtu anasoma yuniti zake na kulipa zake, na tofauti inayobaki ndo taa za ngazi na geti, hiyo tunagawana. Kazi safi, waya zote ndani ya bomba, kila flati swichi yake. Ugomvi wa tokeni usiku umeisha!

Nyota moja nimetoa kwa sababu mita hizi hazikati umeme, asiyechanga bado anawasha tu. Halafu zile yuniti 15 za mwanzo wa mwezi za bei nafuu zinahesabiwa kwa Yaka, sio kwa familia, so flati tano tunazimaliza mara moja. Mwenye nyumba tumeshamwomba kila flati ipate Yaka yake, tunasubiri.