Fundi wa feni, Tabata: Vitz yangu haichemshi tena

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimembania, sababu nitaisema. Lakini kama gari lako linachemsha kwenye foleni na ushachoka kununua spea zisizohitajika, mtafute huyu mzee. Yuko Tabata, chini ya mwarobaini, kibao hana. Uliza "fundi wa feni", vijana wa bodaboda watakupeleka.

Gari ni Vitz ya 2007, cc 990. Kila jioni natoka dukani Kariakoo kwenda Mbezi, na tangu Januari ilikuwa hivi: Magomeni salama, Manzese salama, nikifika Ubungo foleni imefunga, AC inaanza kupuliza joto, na dakika chache baadaye taa nyekundu inawaka. Vitz hizi hazina mshale wa joto. Ni taa ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikishachemka, hapo katikati hujui kitu. Basi nazima, nawasha hazadi, mwendokasi zimejaa mpaka mlangoni zinanipita. Siku moja konda wa daladala akashuka kunisaidia, kitambaa mkononi, anataka kufungua mfuniko wa rejeta palepale. Nilimfokea kama mwanangu. Maji yale yana presha, ukifungua yanaruka usoni.

Nilianzia gereji moja kubwa, jina nalihifadhi, ina vigae na mashine ya kupimia. Mashine ikasoma safi, haina kosa. Wakabadilisha pampu ya maji, wakaflashi rejeta, wakajaza gesi ya AC: 280,000. Wiki ileile ikachemsha. Nikarudi, wakaitoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti "maji yapite kwa uhuru, dada". Kuanzia hapo asubuhi taa ya bluu ikawa haizimiki mpaka nakaribia Kimara, na mafuta yanakwenda kama nimetoboa tenki. Mara ya tatu wakaniambia silinda hedi, kile kichwa cha juu ya injini, imepinda, laki nne na nusu. "Au uza tu dada, gari imechoka."

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Inachemsha ukiwa unakimbia au umesimama?"

"Nikisimama tu. Hata Chalinze naenda haina shida."

"Na AC inakuwaje kabla haijachemsha?"

Nikamwambia inaleta joto. Akacheka, akaweka spana chini. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Akanieleza: ukikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Ukisimama, wa kuvuta upepo ni feni peke yake, na kwenye Vitz hii feni hiyohiyo ndiyo inapoza kondensa, ile rejeta ndogo ya gesi ya AC iliyokaa mbele ya rejeta ya maji. Vikilegea vyote kwa wakati mmoja, wa kuulizwa ni mmoja. Na mashine ya kupimia isingemwona: kompyuta ya gari inaagiza feni iwake, haina jicho la kuangalia kama imewaka.

Hata hivyo hakuparamia feni. Alichomoa kwanza kijiti cha oili kuona kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuchanganyika na oili. Haikuwa. Injini ikiwa bado baridi akafungua mfuniko wa rejeta, tukawasha, akachungulia kama kuna mapovu yanayopanda bila kukoma, dalili ya moshi wa injini kuvujia kwenye maji. Hayakuwepo. Silinda hedi yangu nzima, laki nne na nusu nimeiokoa. Akawasha AC, feni ikazunguka vizuri tu. Nikasema, kule nako waliona hivihivi. "Subiri ipate moto," akasema.

Tukasubiri nusu saa na kitu, injini inaunguruma, boneti wazi. Halafu feni ikaanza kuzubaa, ikasimama. Mzee akachomoa soketi yake, akavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Moto unafika, feni kimya. Akachukua bisibisi, akaigonga mota kwa mpini, kistaarabu, mara mbili. Feni ikashtuka, ikazunguka.

"Kaboni zimekwisha," akasema. Ni vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Alipoifungua kweli zilikuwa zimebaki kama punje za mchele. Baridi zinagusa, zikipata moto zinakataa. Ndiyo maana kila niliyempelekea asubuhi aliiona nzima.

Alinituma kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na ile mota mbovu kwenye mfuko wa plastiki, nishindanishe shafti na soketi nisije nikauziwa ya gari lingine. Nikapata mota ya mtumba ya Japani kwa 55,000. Themostati mpya 30,000, imeandikwa 82, yaani nyuzi inazofungukia. Kulanti 20,000, maana maji ya bomba kayakataa, yanakaribisha kutu. Ufundi 40,000. Jumla 145,000, kama nusu ya bili ya kwanza kule kwenye vigae. Wakati wa kujaza aliacha mfuniko wazi, injini inanguruma polepole, huku anaminya hosi ya juu kama anakamua ng'ombe, mpaka mapovu ya hewa yakaisha.

Wiki ya sita sasa. Ubungo nimekaa dakika arobaini na AC, taa haijawaka, feni naisikia inavuma.

Sasa ile nyota. Risiti hatoi. Pa kukaa ni tairi kuukuu, njoo na mtandio wa kutandika. Ijumaa ikifika saa sita anafunga kwenda msikitini na simu anazima, hata kama gari lako liko vipande vipande. Na lile kava la plastiki la chini ya injini, klipu zilivunjika akalifunga kwa waya. Alisema atanitafutia klipu. Waya bado upo, na kila tuta la kwetu Mbezi linanikumbusha.