Kulipa ada kwa msimu wa mpunga: maoni yangu kuhusu huduma ya mshauri wa wanafunzi

Mimi ni mkulima wa mpunga, Ubaruku, wilayani Mbarali. Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja binafsi jijini Dar es Salaam. Jina la chuo naliacha. Nawaandikia wazazi wenzangu wasio na mshahara wa mwisho wa mwezi, kuhusu utaratibu wa kulipa ada kwa mafungu unaosimamiwa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi pale chuoni.

Ada yake ni 1,500,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo inalipa 600,000, na inampa fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita boom. Iliyobaki, 900,000, ni juu yangu. Utaratibu wa kawaida wa chuo ni nusu Novemba, ndipo mwanafunzi asajiliwe, na nusu mwezi wa tatu. Kwa mwenye mshahara hilo linapangika. Huku kwetu tunavuna kuanzia mwezi wa tano, na bei wakati huo iko chini maana kila nyumba inauza. Anayeweza kuvumilia anaweka ghalani mpaka Januari au Februari, gunia lipande. Novemba sasa ndipo unatafuta trekta, mbegu na mbolea. Ada na shamba vinadai siku moja. Ndiyo maana wapo wanaouza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, mradi mtoto asirudishwe nyumbani.

Binti aliponiambia anataka kuahirisha mwaka, nilimwomba kwanza aende kwa mshauri. Yule mama alimsikiliza, kisha akanipigia simu mbele yake. Baada ya salamu aliniuliza, "Baba, mpunga wenu mnauza lini?" Sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote wa ofisini. Tukapanga palepale: 300,000 Novemba, 250,000 Februari kabla ya mitihani, na 350,000 Juni baada ya kuvuna. Nikaandika barua ya ahadi, mtendaji wa kijiji akaithibitisha kwa muhuri, nikatuma picha yake pamoja na nakala ya kitambulisho. Sikulazimika kupanda basi kwenda Dar. Binti akasajiliwa, na Februari akapewa kadi ya mtihani kama wenzake.

Jambo lililonigusa zaidi ni la boom. Siku hizi ni 10,000 kwa siku, na binti alikuwa ameanza kuitenga ili apunguze ada, anakula mlo mmoja. Mama alimkatalia. "Hiyo ni ya kula, mwanangu. Ukifeli kwa njaa, hata mkopo wenyewe unasimama." Mimi baba yake nilikuwa sijui kama analala na njaa. Ofisi iliyogundua hilo kwa mazungumzo ya nusu saa inastahili shukrani zangu zote.

Wale wa mwaka wa kwanza mama huyo anawakumbusha pia dirisha la rufaa la Bodi linapofunguliwa, yaani muda wa kukata rufaa kuhusu mkopo, hasa waliofiwa na mzazi ambao cheti cha kifo hakijahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo.

Sasa yanayoniudhi. Utaratibu huu haupo kwenye barua ya kujiunga, haupo kwenye karatasi ya ada, wala ukutani. Binti aliusikia kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu bwenini. Ni wangapi wamefunga mabegi bila kuusikia? Tena ofisi ya mshauri na ya uhasibu hazisomani. Barua ilikuwa imeshakubaliwa juu, lakini kwenye mfumo jina la binti liliendelea kufungiwa mpaka alipoibeba mwenyewe na kuisimamia dirishani. Na faini ya kuchelewa waliitoza vilevile, ingawa tarehe tulizilipa kama tulivyokubaliana. Hilo si haki, na nimewaandikia.

Wazazi wajue pia kwamba ahadi hii haifuti deni. Deni la Bodi mhitimu hukatwa asilimia 15 ya mshahara akishaajiriwa. La chuo linazuia cheti, kwa hiyo kazi yenyewe anaitafuta bila karatasi mkononi. Usiweke tarehe ya kumfurahisha mshauri. Weka tarehe ambayo gunia lako litakuwa limeshauzwa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiongeza siku wakichapa utaratibu huu kwenye karatasi ya ada, chini ya namba ya malipo, pale ambapo kila mzazi anaangalia. Anayetaka kuutumia amwambie mtoto aende Oktoba, kabla chuo hakijajaa. Aende na barua ya mtendaji, na namba ya simu ya mzazi iwe inapatikana saa za kazi, maana yule mama anapiga mwenyewe.