Boti ya jioni Dunga, Kisumu, mimi na mama watoto: uzoefu wangu

Nilikuwa dereva wa basi za usiku, Kisumu Nairobi, miaka 27. Maisha yangu ilikuwa ni kutoka stendi saa mbili usiku, kufika alfajiri, kulala mchana dirisha limefunikwa na leso, halafu kurudi stendi tena. Ziwa Victoria nililijua kwa kupita tu. Watoto wakitaka kuliona walipelekwa na mama yao. Sasa nimestaafu, niko na miaka 62, na mwezi uliopita ndio nimepanda boti mara ya kwanza, kwa hivyo kama wewe ni wa rika langu na umekaa nyumbani ukidhani hizo vitu ni za vijana na wageni, soma hii.

Binti yetu alituma pesa kwa M-Pesa akasema hii si ya unga wala ya mbolea, ni ya nyinyi wawili mtoke. Mama Akinyi akanyamaza, nikajua anawaza mabati ya jikoni. Nikamwambia mabati yatakuja. Akavaa kile kitenge cha harusi ya mpwa wake, tukapanda matatu kutoka Kondele mpaka tauni, halafu tuktuk hadi Dunga, unapita Impala Sanctuary unanyoosha tu na barabara mpaka harufu ya samaki ikupokee. Wa tuktuk aliitisha 250 tukaelewana 200.

Bei ya boti uliza kabla hujakanyaga maji. Kijana wa kwanza alituambia 4,000 sisi wawili, na nilipouliza laifujaketi akasema ziwa limetulia hakuna haja. Hapo nikageuka. Nimebeba roho za watu usiku miaka hiyo yote, siwezi kukaa kwa chombo cha mtu anayeongea hivyo. Tukapata mwingine, mtu mzima kidogo, boti yake ya mbao imepakwa rangi vizuri, injini ndogo nyuma, laifujaketi zimeanikwa kwa kamba, akamfunga mama watoto akavuta kila mkanda kuhakikisha imeshika. Tukangoja abiria wengine watatu wakaja, tukalipa 500 kila mtu, saa nzima.

Kupanda ndio niliogopa sababu ya magoti. Boti haikaribii ukingo kabisa, unapita kwa ubao. Akanishika kiwiko akaniambia, "Jaduong' (yaani mzee), usiangalie maji, niangalie mimi." Nikavuka. Kama una shida ya magoti ama nyonga mwambie mapema, anasogeza boti mahali pazuri na hana haraka na wewe.

Tulianza kwa kufuata mafunjo, yale marefu yanayompita mtu mara mbili na zaidi. Huko ndani kuna ndege mmoja mweusi mgongoni, kifua chekundu kama damu, kichwani ana manjano, nahodha anasema yeye ni wa mafunjo tu, ukikata mafunjo umemfukuza. Tulimwona sekunde chache lakini tulimwona. Viboko tuliviona kwa mbali, masikio na pua tu juu ya maji, na nahodha alikataa kusogea ingawa abiria mmoja alikuwa anataka picha ya karibu. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Halafu akazima injini.

Sijui nielezeje. Miaka 27 nimeishi na injini inanguruma chini ya mguu, hata nikilala mchana masikio bado yanaisikia, na ghafla hakuna kitu ila maji yanapiga mbao polepole, na watu wanaongea mbali huko ukingoni. Nilikaa tu. Mama Akinyi akatia mkono kwa maji akaanza kuongea bila mtu kumuuliza. Baba yake alikuwa mvuvi upande wa Homa Bay, hiyo nilijua, lakini sikujua kwamba akiwa msichana alikuwa anaingia naye kwa mtumbwi kutega ngege (sato), wala kwamba tangu aolewe hajawahi kurudi juu ya maji. Akaeleza vile mbuta (sangara) ilipozidi ngege ikapungua, vile baba yake alikuwa anajua upepo utageuka saa ngapi. Nahodha mwenyewe alinyamaza anasikiliza. Miaka 34 ya ndoa na hiyo yote sikuwahi kuisikia, kwa sababu saa ambayo angeniambia mimi nilikuwa nimelala ama niko barabarani.

Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na kitu hivi, linaingia upande wa ghuba, maji yote yanakuwa rangi ya chungwa. Boti za omena (dagaa) zilikuwa zinatoka na taa zao, siku hizi ni za sola, zamani zilikuwa karabai. Wanapenda usiku wa giza usio na mwezi, omena inafuata mwanga.

Beba sweta. Upepo wa jioni unainua mawimbi na kurudi tulirushiwa maji kidogo. Na msimu wa mvua angalia mawingu, huku inanyesha sana jioni, usilazimishe.

Samaki agizeni KABLA ya kupanda boti. Sisi hatukujua, tukangoja karibu saa nzima tukiwa na njaa. Unachagua mwenyewe, bei ni kulingana na ukubwa, ngege yetu ilikuwa 700, ikakaangwa ikaja na ugali na osuga (mboga ya mnavu) ya maziwa, ilikuwa tamu sana, Mama Akinyi alikula mpaka kichwa. Choo kiko lakini beba tishu yako.

Kwa jumla tulitumia kama 2,600 pamoja na nauli. Nitarudia bila kufikiria.

Nambari ya nahodha alichukua Mama Akinyi, si mimi, na jana amempigia. Tunaenda Jumamosi asubuhi safari hii, saa kumi na mbili na nusu, ziwa likiwa bado limelala na boti za omena zinarudi. Anataka kunionyesha vile baba yake alikuwa anakagua wavu.